Nafasi ya Nyundo Kubwa

Nilimsikia kabla ya kumwona, na nilichosikia kilinikera. Nilikuwa nimesimama nje ya karakana moja nyuma ya Skärholmen, kusini mwa Stockholm, theluji imeniingia viatuni, na ndani kulikuwa na mtu anafua chuma kwa namna ambayo sikuielewa. Ko, halafu ngee. Ko, ngee. Pigo moja linatua kwenye chuma cha moto, la pili linatua kwenye fuawe tupu. Nikajisemea, huyu naye! Nusu ya nguvu zake anazimwaga bure. Mimi ni mtu wa Kigoma, na kunyamaza nikiona kazi inafanywa ovyo sijajaliwa. Kwa hiyo maneno yangu ya kwanza kwake, Mungu anisamehe, yalikuwa haya: "Shikamoo mzee. Hiyo fuawe imekukosea nini?"

Akanitazama juu ya miwani yake iliyofungwa kwa waya. "Marahaba, binti. Funga mlango, baridi inaingia."

Swali langu hakulijibu siku ile. Alikuja kulijibu baada ya miezi minane, tena bila mimi kuuliza.

Wote tulimwita Fundi. Hata Waswidi walimwita hivyo wakidhani ndilo jina lake la kwenye cheti, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Habari za alikozaliwa na ukoo wake siziwezi. Alitoka ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Uvira, na mtu wa ng'ambo ya Tanganyika nikimkuta Stockholm huyo kwangu ni jirani, basi. Wakati huo, miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga, nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ya watu watatu pale Södermalm. Tulikuwa tunapamba ndani ya majengo: mikahawa, hoteli ndogo, nyumba za watu wenye ngazi mbili na mbwa mmoja. Na ghafla kila mteja akawa anataka chuma kilichofuliwa kwa mkono. Vitasa vya milango, reli za ngazi, vyuma vya kuning'inizia taa, ndoano za makoti pale mlangoni. Cha kiwandani hawakitaki tena, wanataka kuona nyundo ilipopita. Ndipo nikaelekezwa kwa mzee aliyekodi kona ya karakana kwa Mswidi mmoja mstaafu.

Kazi ya reli ya ngazi hakuianzia kwenye ngazi. Aliianzia kwenye mikono ya watu. Alikuwa anakwenda kwenye nyumba na mfuko wa ule udongo laini wa watoto wa shule, anawapanga wenyeji sebuleni, bibi, baba, mama, mtoto, kila mmoja apewe donge alikamate kama anayeshuka ngazi. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake, maana Kiswidi chake kilikuwa cha kununulia mkate. Niliona haya mpaka jasho likanitoka. Kuna mama mmoja, mtu mzima na cheo chake, aliniuliza kama hii ni dini. Nikamwambia hapana, ni vipimo.

"Reli watu wanaishika na mikono, hawaishiki na macho," Fundi akasema. "Mwambie vile. Bibi wa hapa anaminya sana kidole gumba. Anaogopa kuanguka na hajawaambia."

Nikatafsiri. Yule bibi akageuza uso dirishani. Reli ile ipo mpaka leo, imenenepa kidogo mahali pa bibi, palipo na kona, na fundi mwingine hawezi kukuambia kwa nini.

Sasa usifikiri alikuwa mtu asiyekosea. Kuna mkahawa tulioupamba ambao mwenyewe alitaka nakshi ya chuma kwenye dirisha kubwa la chumba cha ndani. Nakshi tu, majani na matawi, kitu cha kupendezesha mwanga. Nikamwachia Fundi afunge mwenyewe. Nikarudi kesho yake nikakuta dirisha lina nondo, mama yangu! Majani yapo, matawi yapo, mazuri kweli, lakini amezifunga kwa boliti zinazopita ukuta mzima, na vichwa vya boliti amevipondaponda ili mwizi asizifungue. Kwetu dirisha lisilo na nondo ni nyumba isiyokwisha. Mkaguzi wa mambo ya moto akaja, akaangalia, akauliza swali moja: watu watatokea wapi?

Fundi aliposikia tafsiri alikaa chini kwenye ndoo ya rangi akacheka mpaka akashika mbavu. "Eeh, kumbe! Kwetu tunaogopa yule wa nje. Hapa banaogopa kilicho ndani." Alitumia siku mbili kuzikata boliti zake mwenyewe, huku akizisifu kwa ubishi wao. Zile nondo tukazisimamisha katikati ya chumba ziwe kizuizi kati ya meza na meza, na kila mtu akasema ni wazo zuri ajabu. Nilizipokea mimi hizo pongezi. Fundi alinikumbusha jambo hilo kila Krismasi.

Rangi hakupaka. Chuma kikiwa bado na joto alikipangusa mafuta ya kitani na nta ya nyuki, moshi mtamu ukajaa karakana, na ukirudi nyumbani watu wa treni wanakunusa. Mteja akitaka rangi nyeusi, Fundi alikuwa anamjibu kupitia kwangu kwamba anunue plastiki. Mimi nilitafsiri, "Fundi anashauri vinginevyo." Kuchomelea pia hakupenda. Vipande vyake alivishikanisha kwa ribiti, na kila ribiti akaigonga mpaka ikawa na kichwa cha uyoga.

Lakini nenda kwake Hallunda, ghorofa ya sita. Ndoano za makoti ni zile za plastiki za kubandika kwa gundi, tena mbili zimeshadondoka. Kitasa cha chooni kimefungwa kwa kamba. Nikamwambia, "Fundi, nyumba za watu wote umezivisha, yako iko uchi." Akasema, "Mimi hapa napita." Alikuwa amepita hapo miaka kumi na moja. Alipenda watu wafike kwa wakati na yeye alichelewa kila mahali, hata mazishini. Kanisani aliimba sauti ya chini kabisa mpaka benchi linatetemeka, lakini mchungaji akisema tupeane mikono ya amani, Fundi anainama kutafuta kitu chini ya kiti. Nilimwona miezi yote ile akitafuta kitu kile kile.

Nikajua sababu siku ya ile miezi minane. Tulikuwa tunakunywa kahawa, jiko linapoa, nami nikagonga fuawe kwa kijiko, mchezo tu. Akanishika mkono.

"Hapo ni mahali pa mtu," akasema.

Kisha akanisimulia. Alikuwa na mdogo wake. Mama mdogo wa Fundi alifariki akimzaa mtoto yule, na mama yake Fundi akakipokea kichanga siku hiyo hiyo, akakinyonyesha kwa ziwa lile lile lililomkuza Fundi. Wakalala mkeka mmoja, wakafundishwa na baba mmoja. Kwenye fuawe, kaka mkubwa alishika koleo na nyundo ndogo, mdogo akashika nyundo kubwa. Nyundo ndogo inaonyesha mahali, kubwa inatua hapo hapo. Ndogo, kubwa, ndogo, kubwa, na hakuna anayesema neno. Vita ikawatawanya. Fundi alifika Sweden, mdogo akabaki kambini, upande wetu wa Kigoma, na mke na mtoto mmoja.

Fundi akaomba ndugu yake aletwe. Akaitwa kuhojiwa ofisi ya uhamiaji, akaapa kusema kweli, akaulizwa: huyu, nani alimzaa?

"Nikasema, mama mdogo. Nikasema na jina lake, Mungu amrehemu. Sikudanganya. Nilidhani kila mtu duniani anajua kwamba mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako."

Basi wakaandika kwamba mwombaji mwenyewe amesema si ndugu. Ombi likakataliwa, na nakala ya barua ikafika kambini. Mdogo akakaa huko miaka minne zaidi. Katika miaka hiyo mtoto wake wa kwanza alikufa kwa malaria. Halafu akaletwa na orodha nyingine, kwa njia nyingine kabisa, akapewa nyumba Rågsved. Kutoka Hallunda mpaka Rågsved ni treni mbili tu, unashuka nyekundu unapanda kijani. Fundi alikwenda na mkungu mdogo wa ndizi alioununua Skärholmen. Mdogo akafungua mlango, akamwonyesha ile barua, akafunga mlango.

Nilipandwa na hasira, sijui hata na nani. "Fundi! Ungesema mama yetu! Tungekuwa tunaongea mengine!"

"Ndiyo," akasema. "Ningesema mama yetu."

Akaniambia jambo moja zaidi, na ndilo nililolibeba miaka yote. "Sitaki chakula chake, sitaki aniite jina. Nataka tupige chuma kimoja, mara moja tu, mkono huu ukiwa bado mkono. Mimi kila siku namwachia nafasi yake. Nikiacha kuipiga, nitasahau urefu wake."

Kumbe ndiyo ile ngee. Nilitaka kuomba radhi kwa kile nilichosema siku ya kwanza, lakini nikaishia kuosha vikombe.

Nitakuambia Fundi alijaribu nini. Alirudi kule ofisini kusahihisha, mimi nikiwa mdomo wake. Binti wa dirishani alikuwa mpole, akatafuta, akatuambia faili limefungwa na haliwezi kuongezwa kitu. Fundi akauliza kama linaweza kuongezwa nukta moja. Binti akasema hapana. Tukarudi na treni, yeye akihesabu vituo kwa vidole kama anavyofanya akiwa na mawazo.

Kisha nikaingia mwenyewe, maana mimi sijui kukaa pembeni. Tulikuwa tumepata kazi kubwa, ngazi ya mzunguko ya nyumba ya orofa tatu, nguzo zake nene kuliko kifundo changu cha mguu. Kazi ya watu wawili. Nikasema Mungu ameileta hii. Jumamosi moja nikaenda Rågsved bila kumwambia Fundi. Mlango ukafunguliwa na mtoto wa kike wa kama miaka tisa, akamwita baba yake kwa Kiswidi, akarudi kwenye televisheni. Mdogo akatoka. Mtu mrefu, mpole wa sura, mabega ya nyundo kubwa kweli. Alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kuwainua, kuwaogesha, kuwalisha. Alinikaribisha chai. Nikaeleza ngazi, nikaeleza nguzo, nikajipendekeza weee.

"Dada," akasema, "mimi mgeni wangu simfukuzi. Lakini yule bwana mimi si ndugu yake. Aliandikisha mwenyewe. Atafute mtu mwingine wa kumpigia."

"Ni kosa la maswali yao."

"Mwanangu nilimzika na ile barua mfukoni, dada."

Nilimaliza chai, nikaaga. Fundi alipojua nilikokwenda alininunia wiki tatu, akawa anaongea nami kwa Kiswidi chake cha mkate, jambo lililoniumiza kuliko matusi. Ile ngazi akaifua peke yake kwa mashine ya nyundo ya yule Mswidi, mashine anayoichukia, na kila alipoizima aligonga fuawe mara moja. Nguzo ishirini na sita. Mkono wake wa kulia ulianza kumsumbua hapo.

Miaka ikaenda. Mimi nikahamia nyumba yangu mwenyewe, naye akaniletea zawadi, ndoano tano za makoti zenye umbo la mkono uliokunjwa kidogo. Zilikaa ukutani kwangu nikizipita asubuhi na jioni. Mwaka ule nilipopaka rangi barazani ndipo nilipozifungua, nikazigeuza. Nyuma ya kila moja kulikuwa na alama mbili za patasi. Moja imesimama wima, ya pili imeinama, imeegemea ya kwanza. Nikampigia simu.

"Iliyosimama ni yangu," akasema. "Baba alitupa hizo alama tukiwa watoto, ili ajue nani kaharibu."

"Na hii nyingine?"

"Si unajua."

"Iko kwenye zote?"

"Zote. Tangu siku ya kwanza hapa. Hata zile nondo zako za mkahawa."

Nikatoka siku hiyo hiyo kwenda kwenye ile nyumba ya ngazi ya mzunguko, nikawadanganya wenyeji kwamba nakagua kutu, nikapiga magoti. Chini ya kila nguzo, zote ishirini na sita. Nikaenda kwa yule bibi wa kidole gumba, ambaye alikuwa ameshafariki, na mwanawe akaniruhusu nipapase chini ya reli. Zipo. Mji huu mzima watu wananing'iniza makoti na kushuka ngazi wameshika majina ya ndugu wawili, na aliyeandikwa anaishi Rågsved na hajui. Nilimwambia Fundi nitampelekea ndoano moja. Akakataa katakata. Akasema atakuja mwenyewe au hatakuja, na mimi nimeshaharibu mara moja. Nikatii. Nakwambia ukweli, hiyo ndiyo mara pekee maishani nimetii, na ndiyo ninayojutia.

Maana ndipo kiharusi kilipomkamata. Kilimkuta asubuhi akiwasha jiko, na yule Mswidi mstaafu akamkuta ameegemea fuawe. Hospitali, halafu nyumbani, mkono wa kulia umelala kama si wake, mdomo umevuta upande mmoja. Wiki ya pili niling'oa ndoano moja ukutani kwangu, nikaitia mkobani, nikapanda treni nyekundu, nikapanda kijani.

Mdogo aliishika. Aliigeuza kabla sijamwambia aigeuze, mtu wa chuma hageuziwi. Akapitisha kidole gumba juu ya alama ya kwanza, akafika ya pili, akabaki hapo.

"Aliifanya lini?"

"Hiyo, miaka mitano. Lakini ziko kwenye kazi zake zote, tangu alipofika. Nimehesabu mia na zaidi nikachoka." Kisha nikasema lililobaki. "Mkono wake umekufa, kaka. Wa kulia."

Akanirudishia ndoano, halafu akaichukua tena. Binti yake akamwuliza jambo kwa Kiswidi, naye akaendelea kuipapasa. Nikaondoka nikiamini nimeharibu mara ya pili.

Mara ya mwisho kumwona Fundi karakanani ilikuwa majira ya kuchipua yaliyofuata, mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili kama sikosei. Kona ile ilikuwa inarudishwa kwa mwenyewe, nami nilikwenda kusaidia kufunga vitu. Nikafika nje nikasimama.

Ko. Ngee. Ko. Ngee.

Nikasukuma mlango. Fundi alikuwa kwenye kiti karibu na jiko, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto, vidole vimenyooshwa vizuri, kama wanavyoviweka watu wanaoijua kazi ya kutunza wagonjwa. Kwenye fuawe alikuwa mdogo wake, fulana imelowa, amepiga miwani ile ya waya. Lakini hakushika nyundo kubwa. Ilikuwa imeegemezwa ukutani. Alishika koleo na nyundo ndogo, ya mkubwa, na anapiga chuma mara moja, halafu anaipiga fuawe tupu mara moja. Alikuwa anamwachia kaka yake nafasi. Na mkono wa kushoto wa Fundi, ule uliobaki, ulikuwa unapiga gotini kila ilipofika zamu yake.

Nilisimama nikalia waziwazi, bila kujificha, na hawakunitazama. Sijui kama walikuwa wamesameheana. Sijui kama kifo cha yule mtoto wa kambini kinasameheka. Sikuona wakikumbatiana na sikuwasikia wakitaja barua. Niliwaza tu jinsi ambavyo wangeweza kupiga wawili, miaka yote ile, treni mbili tu, na sasa mkono mmoja umekuja, mwingine umeshaondoka.

Chuma kikawa kimepoa. Mdogo akakirudisha motoni, akavuta hewa, akasubiri. Aliongea bila kugeuka, akiyatazama makaa, na akatumia neno ambalo kwao humwitia kaka mkubwa.

"Yaya," akasema, "moto unatosha?"

Fundi akanyoosha shingo kuangalia. Mdomo ule mzito ukatafuta njia.

"Bado," akasema. "Ongeza kidogo."